Kisigino cha Nani?

Asubuhi katika jiji la Mabwe, kabla jua halijatoka nyuma ya miamba, vitembezi vilianza kuamka. Mtu asiye na nguvu za miguu alisema neno moja tu kitandani, "Inuka," na kile kiunzi chembamba cha chuma kilichosimama pembeni kilimsogelea, kikainama, kikamkumbatia kiunoni, mapajani na kwenye vifundo vya miguu, kisha kikamsimamisha. Baada ya muda mfupi alikuwa mtaani akipanda ngazi pamoja na wenzake. Mgeni asingeweza kujua nani alizaliwa na miguu yenye nguvu na nani aliipata kwa mafundi.

Mabwe lilijengwa juu ya milima ya mawe, kusini mwa ziwa. Nyumba zake zilikaa juu ya miamba kama ndege, na kati ya mtaa na mtaa palikuwa na ngazi. Kwa miaka mingi watu wa viti vya magurudumu walipita kwenye njia za mteremko, zilizozunguka miamba polepole hadi juu. Kitembezi kilipokuja, njia hizo zilianza kuvunjwa. Kwenye lango la jiji paliandikwa kwa taa: JIJI LISILO NA MLEMAVU.

Aliyekibuni kitembezi alikuwa Mhandisi Kabula Nkwabi wa Taasisi ya Mwili Mpya. Alikipa misuli-umeme inayovuta na kulegea kama nyama ya paja. Alikipa nyayo zinazong'ang'ania jiwe hata likiwa na utelezi. Ubongo wake hakuuweka mgongoni, kwa sababu ungekuwa mzito. Aliuacha kwenye Akili-Mji, kompyuta kuu iliyokaa ndani ya mnara juu ya mlima mrefu kuliko yote. Kila hatua ya kila mtu ilikokotolewa mnarani, ikarudishwa kwa mawimbi-ongozi kabla mtu hajapepesa jicho.

Kabula alikuwa mtu wa sala. Hakuwahi kuwasha mashine mpya bila kwanza kuiwekea kiganja na kusema, "Bwana, ifanye kazi." Na katika kila sala ya kitembezi, aliyekuwa moyoni mwake ni mdogo wake, Sayi.

Sayi alizaliwa na miguu isiyopata nguvu. Alikua, akasoma, akawa mwalimu wa kwaya katika kanisa la mlimani, lile ambalo baba yao amezikwa kando yake. Aliiongoza kwaya akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, na kwa kuwa alipenda kuona macho ya waimbaji, kwaya yake iliimba ikiwa imekaa. Mwanzoni wageni walishangaa. Baadaye waumini wote wakazoea, hata wazee wakasema wimbo wa kukaa unaingia ndani zaidi. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba desturi hiyo ilianzia kwenye miguu ya Sayi.

Na Sayi alikikataa kitembezi.

Ndiyo maana njia ya mteremko ya kanisani ilikuwa ya mwisho kubaki jijini. Watu wachache waliokataa kama yeye waliitumia, na mitaani waliitwa "wakaidi wa viti". Taasisi ikaamua njia hiyo nayo ivunjwe, na mahali pake ichongwe ngazi moja pana, iliyonyooka kutoka kanisani hadi uwanja wa soko. Kabula aliisimamia kazi hiyo kwa moyo mmoja. Aliamini kwamba njia ikiisha, na ukaidi utaisha.

Kabla kazi haijaanza, wananchi waliitwa ukumbini kutoa maoni. Ukumbi ulikuwa ghorofani na lifti ilikwisha kuondolewa, kwa hiyo Shija Maduhu, mwalimu wa hisabati na rafiki wa Sayi, alipandishwa ngazi na wanafunzi wake wakiwa wamemwinua na kiti chake.

"Shikamooni wazee," alisema alipofika mlangoni. "Nimeletwa kama bibi harusi. Mahari mtampa nani?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi Bulima, mkubwa wa Taasisi, alisubiri kicheko kiishe.

"Mwalimu Shija, dada yetu, kwa nini ujitese? Kitembezi ni bure."

"Mimi sijitesi, Mkurugenzi. Nateswa na ngazi zako."

"Tatizo si ngazi. Tatizo ni miguu."

Shija akamtazama. "Mkurugenzi, wewe ni mfupi. Hapo ulipokaa umewekewa mto ili uifikie meza. Mbona hawakukurefusha wewe?"

Ukumbi ulilipuka. Bulima naye alicheka, lakini aliufunika ule mto kwa koti lake.

"Sijamaliza," Shija alisema. "Mhandisi Kabula, mnara ukizimika, kitembezi kinafanya nini?"

"Kinajikaza," Kabula alijibu. "Viungo vyote vinajifunga, ili mtu asianguke. Kisha anasukuma kisigino chini kwa nguvu. Kifyatuo kilicho ndani ya kiatu kinaachia, na kitembezi chote kinafunguka. Tumekijaribu mara nyingi sana."

"Anasukuma kisigino."

"Ndiyo."

"Kisigino cha nani, Mhandisi?"

Watu wakacheka tena, wakidhani ni mzaha mwingine wa Shija. Kabula mwenyewe alitabasamu. Mkurugenzi akatazama saa, akasema mnara haujawahi kuzimika, akamwomba mzee mmoja afunge kikao kwa sala.

Jumapili iliyofuata Kabula alikwenda nyumbani kwa mama yao, Bi. Limi. Walikunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mama alivipenda kuliko mkate. Sayi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Ngazi itazinduliwa wiki ijayo," Kabula alisema. "Tumeiita Siku ya Kusimama. Sayi, mdogo wangu, nakuomba uvae kitembezi siku hiyo."

"Dada, umenibunia miguu. Mimi sikukuomba miguu. Nilikuomba kizingiti cha kanisa kishushwe."

"Nilitaka uweze kwenda popote."

"Popote nilikuwa naenda. Ninyi ndio mnaiondoa hiyo popote, kipande kwa kipande."

"Usimsemeshe dada yako hivyo," mama aliingilia. "Hajalala miaka kwa ajili yako."

"Najua, mama. Ndiyo maana namsemesha kwa upole. Ningekuwa naongea na Bulima ungenifukuza humu ndani."

Mama hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Sayi, nimeomba tangu siku niliyokuzaa. Kila alfajiri. Nikuone umesimama mbele ya madhabahu mara moja tu, kisha Mungu anichukue akitaka."

Sayi akakisogeza kiti chake hadi magoti yake yakagusana na ya mama.

"Mama, Mungu alikujibu zamani. Jibu ndilo hili hapa. Sema tu limekaa."

Hapo mama akacheka, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. Sayi alimfuta kwa kiganja chake, kiganja kigumu cha mtu anayesukuma magurudumu.

"Haya," alisema. "Siku moja. Nitapanda, nitasimama mbele ya madhabahu, utashukuru, halafu kitembezi kirudi kwa mwenyewe na mimi nirudi kwenye kiti changu."

"Na ngazi?" Kabula aliuliza.

"Ngazi tutagombana Jumatatu."

Siku ya Kusimama ilianza na jua kali. Adhuhuri mawingu meusi yalitoka ziwani, lakini maandamano yalikwisha kupangwa, na Mkurugenzi hakutaka kuahirisha. Mbele walitangulia waliovaa vitembezi kwa miaka mingi. Nyuma yao ilifuata kwaya, safari hii ikiimba imesimama. Sayi alikuwa wa mwisho, kwa sababu mwili wake haukuzoea, na Kabula alitembea kando yake. Mama alikuwa juu, kwenye mlango wa kanisa, amevaa kitenge kipya.

Shija alikuja pia. Alikaa kwenye kiti chake barazani mwa duka la vitambaa, pembeni mwa uwanja. Baraza hilo lilikuwa limeinuka, lenye kiteremko cha kupandishia mizigo, na huko ndiko alikoweza kufika.

"Sayi!" alipaza sauti. "Kumbe wewe ni mrefu! Ungesema mapema ningekutafutia mchumba!"

"Nitafutie aliyekaa!" Sayi alijibu, na walio karibu wakacheka.

Alikuwa amepanda vidato vichache tu wakati radi ilipopiga mnara.

Mwanga ulikuwa mweupe, na mlio uliingia hadi kwenye meno. Palepale kila mwenye kitembezi alisimama kama alivyokuwa. Mmoja mguu juu, mwingine ameinama, mwingine mkono umenyooshwa kumshika mtoto. Muziki ulikatika. Wapo waliocheka kwa aibu, kama mtu anavyocheka akijikwaa mbele za watu.

"Msiogope!" Kabula alipaza sauti. "Sukumeni visigino!"

Na akasikia alichokisema.

Aliona ukumbi wa majaribio, miaka mingi nyuma. Kipimo cha kukata mawimbi kilihesabiwa kuwa cha hatari, kwa hiyo yeye mwenyewe alielekeza kisifanywe kwa walemavu. Aliwahurumia. Kitembezi walikivaa vijana wahandisi wazima wa miguu, na yeye pia alikivaa. Mawimbi yakakatwa, vitembezi vikajikaza, kila mmoja akasukuma kisigino, kitembezi chake kikafunguka, wakapigiana makofi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kisigino kisichosukuma.

Mvua ikashuka. Haikuwa mvua ya matone, ilikuwa maji yaliyomwagwa. Njia ya zamani ya mteremko ilizunguka miamba, na kwenye kila kona palikuwa na kibwawa ambapo maji yalipumzika kabla ya kuendelea. Ngazi mpya ilikuwa imenyooka kama mfereji, na pande zote mbili ilizungushiwa ukuta mzuri wa mawe. Maji ya mlima mzima yaliingia humo. Yalibeba matope, kisha matawi, kisha mawe.

Wenye miguu yao walikimbia. Wengine walirudi kuwavuta ndugu zao, wakagundua kwamba nyayo za vitembezi zimeng'ang'ania vidato kama zilivyobuniwa. Chini uwanjani maji yalikosa pa kutokea, yakaanza kujaa na kupanda ngazi kutoka chini.

Kabula alipiga magoti ndani ya maji, akatafuta kwa vidole vyake kiatu cha mdogo wake. Alikijua kiatu kile kuliko alivyoujua uso wake. Kifyatuo kilikuwa ndani, chini ya kisigino, na hapakuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Yeye ndiye aliyeagiza pazibwe, ili maji na mchanga visiingie.

Alichukua jiwe akapiga. Akapiga tena. Jiwe likapasuka.

"Dada," Sayi alisema.

"Subiri."

"Dada, simama nikuone."

Alisimama. Maji yalikuwa yamefika kifuani mwa Sayi. Alikuwa amesimama wima, mzuri, mabega yamenyooka, kama mama alivyoomba.

"Ulikitengeneza vizuri mno," Sayi alisema. "Panda. Mama yuko juu peke yake."

"Siendi."

"Kabula. Nimekuvalia hiki kitu siku moja kwa sababu uliniomba. Nami nakuomba kitu kimoja."

Hakupanda. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakiinua juu ya maji, akaomba kwa sauti sala ile aliyoiomba juu ya kila mashine. "Bwana, ifanye kazi. Ifanye kazi. Ifanye kazi." Aliomba mpaka maji yakamfumba yeye mwenyewe kinywa, na gogo likampiga ubavuni likamng'oa kutoka pale.

Alipofumbua macho, alikuwa akivutwa kwa kitambaa. Shija alikuwa amejifunga na kiti chake kwenye nguzo ya baraza kwa jora la kitenge, akarusha ncha nyingine majini, ikamkamata Kabula kwapani. Alimvuta kwa mikono ile iliyosukuma magurudumu maisha yake yote, huku akilia na kutukana.

"Shika! Shika wewe! Huyo mmoja amekwenda, wewe huendi!"

Maji yaliposhuka, waliozama walikuwa bado wamesimama. Juu hadi chini ya ngazi, wamesimama wote, na matope yakichuruzika kutoka kwenye nywele zao. Hakuna aliyeanguka.

Mkurugenzi Bulima alikuja hospitalini na kikapu cha machungwa. Alikaa kando ya kitanda cha Kabula, akazungumza kwa sauti ya chini. Alisema mvua ile ilikuwa kazi ya Mungu. Alisema vijana wamekwisha kuanza kuchora toleo jipya, lenye betri ya akiba na ubongo mdogo wa mgongoni.

"Nani atakijaribu?" Kabula aliuliza.

"Sisi wenyewe, kama kawaida. Hatuwezi kuwahatarisha tena wale watu."

Kabula aligeukia ukutani. Mkurugenzi akayaacha machungwa, akaondoka.

Sayi alizikwa Jumapili. Kaburi lake lilichimbwa mlimani, kando ya baba yake. Vijana walipandisha jeneza kwa ngazi ileile, wakipokezana mabegani, na watu wakafuata hadi uwanja wa kanisa ukajaa. Mchungaji alisoma, akaomba. Ikafika saa ya udongo.

Kwa watu wa Mabwe, kaburi halifukiwi mpaka kila aliyekuja ametupa udongo kwa mkono wake. Ndugu hutupa mwisho. Anayeondoka bila kutupa huhesabiwa kwamba hakuaga, na watu hukumbuka jambo hilo miaka mingi.

Walianza kutupa. Mama alikuwa ameshikwa na Kabula. Aliwatazama wanaopita mmoja mmoja, kisha akauliza, "Shija yuko wapi?"

"Yuko chini, mama," Kabula alisema. "Yuko chini na wenzake."

Walikuwa wengi huko chini. Baada ya ile siku, waliosalimika walikuwa wamevua vitembezi, wakatafuta viti vya zamani maghalani. Waliokosa viti walikuja kwenye mikokoteni, wengine kwenye toroli za kubebea mchanga. Walikaa mwanzo wa ngazi, wakitazama juu. Sauti ya mchungaji haikuwafikia.

Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Tuwapelekee udongo kwenye beseni. Wauguse, kisha vijana watupe kwa niaba yao."

"Hapana," mama alisema.

"Mama, hawawezi kupanda."

"Nimesikia. Basi mshusheni yeye."

Watu hawakuelewa mara moja. Mchungaji alimsogelea. "Mama Limi, kaburi liko tayari. Mume wako yuko hapa. Na nafasi yako iko hapa, katikati yao."

Bi. Limi alilitazama kaburi la mumewe. Kisha akasema, "Atanisamehe. Miaka yote nilimwomba Mungu mtoto huyu apande. Apande, asimame, alingane na wengine. Sikuomba hata siku moja sisi tushuke. Mshusheni Sayi."

Wakamshusha. Chini, pembeni mwa uwanja, pale ilipoanzia njia ya mteremko iliyovunjwa, palikuwa pamebaki kipande cha ardhi ambacho mafundi hawakuwahi kukisakafia. Wakachimba hapo. Ardhi ilikuwa na kokoto za njia ya zamani. Kabula aliomba jembe, na ingawa ubavu wake ulikuwa umefungwa bendeji, hakuna aliyemnyima. Kwaya ilifika ikasimama, ikatazamana, kisha mmoja akakaa chini kwenye matope na nguo zake za kwaya. Wakakaa wote. Wakaimba.

Shija alikuwa wa kwanza kutupa. Alikisukuma kiti hadi ukingoni mwa kaburi, akainama, akachota udongo, akautupa. "Mrefu wewe," alisema. Wakafuata wenzake, kiti kwa kiti, toroli kwa toroli. Kabula aliwashikia magurudumu ukingoni mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwambia mwenyewe anataka kushikwa vipi. Hakuwa amewahi kuwauliza.

Mama alitupa. Akabaki Kabula.

Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, kama alivyozoea kukiweka juu ya mashine. Maneno ya sala yake yalikuwa yamempotea. Alikaa hivyo, kiganja chini, mpaka kivuli cha gurudumu kikaangukia mkono wake.

"Mhandisi," Shija alisema. "Sayi aliniambia mna ugomvi Jumatatu."

"Ndiyo."

"Nitakuja mimi kwa niaba yake. Sijui kama nitakusamehe. Lakini kugombana nitakuja."

"Wapi? Ukumbini hufiki."

"Kumbe unajua."

Kabula alichota udongo. Ulikuwa mzito, una kokoto za njia ile. "Basi hapa," alisema. "Njoo na wenzako wote. Mseme ninyi kwanza, mimi nichore."

Kabula akafungua mkono, udongo ukaanguka juu ya mdogo wake.